Kipimo cha Moshi

Juu ya kioski cha maji cha mtaa wetu,
hapa Ulaanbaatar, mlimani, upande wa mahema,
kuna chumba cha madirisha mawili.
Jumamosi saa nne
Bi Dulamsuren hulipulizia kufuli pumzi kabla ya ufunguo:
nyuzi thelathini chini ya sifuri, hata chuma hununa.

Chini watu wanajaza madumu,
wanayaburuta kwa vigari;
maji yaliyomwagika jana yamekuwa kioo cha kuangukia.
Juu tuko tisa,
na vyuma vya kulehemu ni sita,
basi watatu hungoja, wakiwashikia wenzao waya.

"Hapa hakuna hodari wala mzito," husema Bi Dulamsuren,
aliyekesha miaka ishirini na sita kwenye mtambo wa joto wa mji,
"kuna walioungua na ambao bado."
Mimi, Anujin, niliungua siku ya kwanza.
Kidole cha shahada. Nikajiona mkubwa.

Tulikuwa tunaunda kipimo cha moshi.
Feni ndogo kama kifungo cha koti huvuta hewa,
leza huimulika,
na kila chembe ikipita hukonyeza.
Kompyuta huhesabu makonyezo.
Ndiyo yote.
Nilidhani sayansi iko ng'ambo ya mto,
kwenye majengo yenye lifti,
kumbe ni kuhesabu makonyezo bila kudanganya.

Temulen alitaka kiwekewe king'ora.
Khongorzul alitaka taa za rangi.
Mimi nilitaka jibu,
maana mdogo wangu hukohoa kama bawaba kavu
tangu Novemba hadi theluji ioze.

Sasa nisemeje nililolificha darasani?
Baba anauza makaa ya mawe.
Lori la buluu, gunia kwa gunia, kilima kwa kilima;
ada, viatu, chai yetu ya chumvi,
vyote vimepitia kwenye weusi wa kucha zake.
Siku ya kugawana vituo kwenye ramani nilinyamaza,
na nukta nyekundu ikaangukia uani kwetu.

Nikakitundika nje, juu ya mlango wa hema,
ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa matako.
Usiku wa kwanza: mia tatu.
Wa pili: mia tano na kumi na mbili.
Wa tatu, kimya. Kioo cheusi tii.

Baba ndiye aliyekishusha.
"Hiki kinasema nini?"
Nikamwambia. Sikupunguza tarakimu hata moja;
mficha maradhi, wajua mwenyewe.
Alikohoa, au alicheka, kwake hutokea mlango mmoja.
Kisha akakigeuza, akakisogeza kwenye taa,
akaona kabla yangu:
waya mwekundu umeachia,
lehemu yangu ilikuwa doa tu, imekaa juu, haikushika.

Akachomeka msumari jikoni,
katikati ya makaa yake mwenyewe,
akangoja mpaka ukawa rangi ya chungwa.
Akaushika kwa koleo,
na mkono ule wa magunia
ukagusa kitu kidogo kuliko punje ya mtama,
mara moja,
ukaondoka.
Feni ikaanza kuvuma.

Tukasimama wawili tukisoma.
Mia nne na tisini. Mia tano na nne.
"Fungua mlango, moshi utoke."
Nikafungua. Baridi ikaingia kama mdai,
bila hodi,
na tarakimu zikapanda:
mia sita, mia sita na thelathini.
Nje kulikuwa kubaya kuliko ndani.

Tulibaki hapo, mlango wazi, mdogo wangu akilalamika chini ya blanketi.
"Huyo mama wa Jumamosi," Baba akasema, bila kunitazama,
"ana vyuma vingapi vya kulehemu?"
"Sita. Tuko tisa."
Akaupuliza msumari,
akaugeuza,
akautia mfukoni ungali na joto.