Alama ya Kijani

Miaka ishirini na miwili nachukua mkate
toka tanuri la Majengo hadi maduka ya Kisauni,
kreti mbili nyuma, moja mbele, kengele bila ulimi,
na daraja la Nyali nalipanda bila kushuka.
Nani basi wa kunifunza baiskeli?

Ndivyo nilivyomjibu Shekue, mtoto wa dada yangu,
aliponileta Jumapili kwenye msitu wa mivinje Bamburi,
akanikodishia chuma chepesi kama kiti cha plastiki,
magurudumu manene, breki zinazokamata kabla hujawaza.

Pale langoni njia zinagawanyika mara tatu.
Kopo la rangi limepita kwenye vigogo:
kijani kwa wanaoanza,
buluu kwa waliokwisha kuanguka kidogo,
nyeusi, na hapo mtu kachora fuvu
akalivisha kofia ngumu.
Kijana wa lango akazitazama ndara zangu:
"Ami, ndia yako ni hiyo ya kijani."

Mimi?

Nikashika nyeusi.

Nyeusi huanza kwa upole, kama mdai anayebisha hodi.
Zulia la majani ya mvinje, membamba kama sindano,
matairi yanapita kama yamevua viatu.
Kisha ardhi inakatika.
Hapa zamani walichimba mawe; ukuta wa matumbawe
umeachwa na meno yake, na njia inashuka
katikati ya meno, inauzunguka mzizi, inauzunguka tena.
Nikaona jiwe moja. Nikalikazia macho nisilipige.
Nikalipiga.

Sitasema nilivyoruka. Shekue anawasimulia watu wote,
na kila akisimulia anaongeza dhiraa.

Goti limefungwa kwa leso ya mtu nisiyemjua,
nikaingia kijani, wa mwisho
nyuma ya watoto sita na mama mmoja
aliyelipiga baibui lake fundo magotini.
Kiongozi wetu Nyevu, miaka tisa, pengo mbele.
"Babu," akasema
(babu! nina arobaini na nane),
"baiskeli hufuata macho. Ukitazama jiwe, utakula jiwe.
Tazama unakotaka kwenda.
Na kwenye mzizi, inua matako. Miguu ndiyo springi."
Mama wa baibui akacheka mpaka akashika mti.

Kona ya pili Nyevu akainua mkono, sote tukasimama.
Jongoo anavuka, mweusi, mnene kama kidole gumba changu,
haharakishi hata mguu mmoja.
"Huyu ndiye anayetafuna majani yakawa udongo,"
akasema, kama anayemtambulisha mjomba wake.
"Hapa palikuwa jiwe tupu."
Tukamngoja.
Nimewahi kungoja malori, treni, misafara ya wakubwa;
jongoo sijawahi.
Ndipo nikaisikia mivinje juu,
sauti ile ya mchele unaopetwa
nyumba ya tatu.

Duru ya kijani ni fupi. Nikaizunguka mara nne.
Ya nne, mzizi wa kona niliupita nimesimama juu ya pedali,
Nyevu akageuka, akaona,
hakusema kitu, akaongeza mwendo.

Nyeusi bado ipo. Nikitoka, fuvu lilinichekea.
Hatujamalizana. Lakini si mwezi huu.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
Kongowea kabla ya soko kuchangamka,
lile shimo linalonidai mikate miwili kila wiki.
Sikulitazama.
Nikaitazama taa ya duka la Mbaruku kule mbele,
nikainua matako, mzee mzima, goti likilalamika.
Kreti zikanong'ona tu.
Hakuna mkate ulioruka.