Somo la Mpira wa Seramu

Mpira wa seramu, mita kumi na mbili:
niliuomba kwa muuguzi wa Cimpunda
vipande vipande, nikaviunga kwa vibomba vya kalamu za biki,
nikavikaza kwa tyubu kuukuu ya baiskeli.
Hiyo ndiyo maabara yetu.

Prefe alipita mlangoni, akachungulia,
akauliza kama kuna mgonjwa.
Nikasema wapo arobaini na saba,
wote wameambukizwa "ndivyo ilivyo."
Hakucheka. Ana minervali za kudai.

Nilianza na ubao: andikeni, usawa.
Wakaandika. Kisha nikauliza
nani kati yenu amewahi kuuona.
Kimya.
Hapa Kadutu nani ameuona usawa?
Tumezaliwa tumeegemea.
Mpira wa miguu ukikuponyoka Buholo
unaufuata hadi mto Kawa,
na ukirudi mechi imekwisha.
Vitanda vyetu vina mguu mmoja wa tofali.
Mafiga ya mama hayalingani, na hakuna anayeuliza.

Basi, tukatoka nje.
Cikuru akashika ncha moja, Nabintu nyingine,
tukamimina maji ya bidoni
na bluu ya kufulia kidogo, yasijifiche.
Toeni mapovu, nikasema, povu moja
hudanganya kuliko shahidi aliyelipwa.
Wakagonga kwa kucha, ti, ti, ti,
povu likapanda
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Maji yakatulia.
Huku ukutani, kule kwenye mlingoti wa bendera,
alama mbili za bluu, na kati yao makelele:
"Yako yako juu!" "Juu wapi? Nawe shuka!"
hadi Ashuza, ambaye hajasema neno darasani tangu Pasaka,
akasema:
maji hayana upande.

Tukapima darasa letu lenyewe.
Toka mlangoni hadi ubaoni, vidole vinne chini.
Miaka sita nimefundisha nikiteremka.

Wenzake walipokimbilia kengele
Ashuza alibaki, akiukunja mpira
toka kiganjani hadi kiwikoni, kama fundi mzee.
"Madamu, baba angekuwa na huu
siku ile alipochimba msingi,
nyumba ingebaki?"

Mwezi wa nne, saa nane za usiku. Mtaa mzima unajua.
Mdogo wake alipatikana ameshika kifuniko cha sufuria.

Nilikuwa na jibu la kitabu.
Nilikuwa na jibu la kanisani pia.
Nikasema, sijui.
Mpira huu huonyesha ardhi inaelekea wapi,
hauishiki ardhi.
Kushika ni kazi nyingine: mawe, mizizi, mifereji,
na mtu wa kukataa kiwanja kibaya
hata kama pesa yake inanunua hicho tu.
Akafikiri, akiangalia miguu yake.
"Basi tuanze na mfereji."

Jumamosi ya salongo tukachimba nyuma ya vyoo,
kidole kimoja cha mteremko kwa kila hatua mbili.
Bisimwa alileta jembe la nyanya yake
akaapa kulirudisha kabla halijaulizwa.
Lilivunjika mpini. Somo la nyenzo
tulilipata hapo hapo, bila kulipanga.

Mvua ikaja Jumatano, katikati ya vitenzi vya Kifaransa.
Nani atamtuliza mtoto dirishani?
Hata mimi nilikuwa dirishani.
Maji yalishuka na hasira zake, yakafika mferejini,
yakasita, naapa yalisita,
kisha yakageuka kushoto
kama tulivyoyaomba.

Mita tisa.
Ya kumi, pale Cikuru alipopima huku akisimulia goli,
yalitoboa ukingo, yakaenda zake
hadi uani kwa Mama M'Cizungu,
yakaondoka na ndara moja na sabuni mpya.

Kesho tutakwenda kumwomba radhi, na makoleo mkononi.
Sasa hivi Ashuza ameuinua mpira kwenye mwanga,
jicho moja kalifumba,
anatafuta povu.