Chango

Shangazi Mwanakombo aliliita chango.
Alinikuta nimejikunja sakafuni, Kibokoni,
shavu kwenye saruji kwa kuwa saruji ni baridi.
Chango hilo, akasema, la uzazi,
akaenda kusaga mchele wa mkate wa kumimina.

Hospitalini sikulitaja neno hilo. Niliona haya.
Nilisema maumivu ya mwezi
nikapewa vidonge vyeupe, miaka kumi na mmoja,
na muuguzi mmoja aliyecheka na faili langu:
Olewa, zaa, yataisha.
Niliolewa.

Daktari Nyevu wa Ganjoni
alichora kwa kalamu ya bluu nyuma ya risiti:
mji wa mimba, na nje yake vidoa,
utando uliohama kwao
ukaganda kwenye matumbo kama chaza kwenye nguzo za gati,
na kila mwezi unavuja
damu isiyo na mlango.
Kisha akachora vinukta. Vingi, mpaka karatasi ikatoboka.
Hawa bakteria, akasema, ni wakazi wako,
wa utumbo, wa uke, wa kila pembe.
Huenda wapo wanaochochea moto huu,
na wapo wanaoufukia majivu.
Huenda?
Huenda. Bado tunachunguza.

Nilimpenda kwa neno hilo.
Wengine wote waliniambia: hakuna kitu.

Usiku umeme ulikatika.
Nilikaa jikoni na tochi ya simu
nikafunua kitambaa juu ya sufuria ya shangazi.
Mwiko haukugusa, moto haukuwashwa,
na uji ule wa mchele na nazi ulikuwa unaumuka,
povu moja linapasuka, jingine linajaa,
kazi ya viumbe nisiowaona.
Nikaweka mkono tumboni.

Chango: utumbo.
Chango: mnyoo.
Chango: kile kinachonilaza sakafuni.
Neno moja, vyumba vitatu.
Sisemi bibi zetu walijua.
Nasema kati ya vyumba waliacha mlango
na hakuna aliyeufunga.

Alfajiri nilimuuliza shangazi, kwa nini chango?
Ndilo jina lake, akasema. Sogea, unanizibia jiko.

Jumatatu narudi Ganjoni.
Nimekunja risiti ndani ya kitambulisho.
Safari hii nitalitaja
kwa sauti, kabla sijaulizwa,
na Daktari Nyevu aliandike kwenye faili
kwa kalamu yake ya bluu,
herufi zote sita.