Hodi ya Sekunde Kumi

Saa nane usiku, Chang'ombe, bohari ya dawa.
Feni za kabati zinakoroma kama mgeni aliyeshiba wali wa shughuli.
Ruta ya hapa inapiga hodi.
Ruta ya Kigamboni inapiga hodi.
Faiba kati yao nzima, taa ya kijani haipepesi,
na kila moja inaniapia haina jirani.

Nampigia Nyanzala, yuko ng'ambo,
amekalia katoni la glavu.
— Salamu yangu inafika?
— Inafika. Inatupwa.
— Na yako inatoka kila baada ya muda gani?
— Thelathini.
Yangu inatoka kila sekunde kumi.
Basi, nani amsubiri nani?
Mmoja anamhesabu mwenzake maiti
wakati mwenzake bado anavaa kanzu.

Nilikulia Keko Machungwa, ua mmoja, milango saba.
Ukitoka na mswaki mdomoni ukasema "Hamjambo humu?"
salamu moja, milango saba imeitika.
Habari hazikuzunguka mlango kwa mlango;
zingetuchosha, saba mara sita.
Zilipelekwa kwa mjumbe, Bi Sikudhani,
naye akazigawa kama mafungu ya dagaa,
na msaidizi wake pembeni, sikio wazi,
isije siku bibi akaondoka na daftari lote kichwani.
Akahamia mstaafu mmoja mwenye vyeti ukutani.
Tulimpa kiti. Ujumbe hatukumpa.
Aliyekwisha kukaa, amekaa.

Shangazi alifua nguo za watu Mikocheni.
Kule hakuna "hamjambo humu."
Kuna geti, na mlinzi, na karatasi ya mlinzi:
jina lako halimo, hodi yako ni kelele za barabarani.

Fundi aliyetutangulia aliifunga ya Kigamboni hivyo,
kimikocheni,
jina moja kwenye karatasi, salamu za nadra.
Ya kwangu akaiacha ikeko.
Sijui alikuwa anawaza nini. Pengine mshahara.

— Badilisha, namwambia Nyanzala. Mko wawili tu kwenye huo waya.
Iambie ni nukta kwa nukta.
Nasikia vidole vyake. Nasikia anapiga miayo.
Halafu kwenye kioo changu, taratibu:
salamu yake imekuja na jina langu ndani yake.
Ujirani huanzia hapo, si pale unaposema,
pale unapojisikia ukitajwa.
Wakabadilishana daftari. Neno likatokea: *kamili*.
Nyanzala akapiga kigelegele peke yake kati ya maboksi.

Ila njia hazikuja.
Dakika tano. Saba.
Kamili, na hakuna hata njia moja ya kupitisha oda ya panadoli.
Nikacheka, kisha nikaacha kucheka.
Yake inadhani tuko wawili kwenye korido.
Yangu bado iko uani Keko, imejichagulia mjumbe,
inaandika ramani yenye uwanja
ambao mwenzake hauoni.
Saa zao sasa zinalingana, wanaitikiana vizuri kabisa,
na hawawezi kuazimana chumvi.

Nikaandika mstari mmoja upande wangu.
Njia zikamiminika, kumi na nne, kama watoto wa chuo wakitoka.

Nimefika Sinza alfajiri, ghorofa ya pili.
Korido, milango miwili, inatazamana.
Mwaka wa pili huu:
— Za saa hizi?
— Nzuri. Za kwako?
kila asubuhi, bila kukosa hata moja.
Jina lake silijui.
Jikoni kwangu gesi ipo, mayai yapo, kiberiti kimeisha.
Nasikia kule ng'ambo ya korido
sufuria inawekwa jikoni.

Nimesimama na yai mkononi.
Nahesabu. Nane. Tisa.