Toleo la Nne, Nukta Mbili

Simu naiacha kwenye kisanduku namba thelathini na moja,
mlango mzito unajifunga nyuma yangu.
Ndani hakuna dirisha. Mvua ya Cheltenham
naijua kwa makoti ya wenzangu.

Kibali changu kilichukua miezi kumi na minne.
Majirani waliulizwa kama nina madeni, kama ninalewa.
Hakuna aliyeuliza kama nina baba.

Kazi yangu ni kutafuta ufa.
Si kuupanua, si kuuziba: kuutafuta tu,
kwa subira ya mtu anayechambua mchele
akijua jiwe limo, na jino ni la mwingine.

Wiki tatu nilikaa na programu ya pampu ya dawa,
kijisanduku cha rangi ya maziwa kinachohesabu matone.
Alhamisi ikafunguka:
herufi moja zaidi ya nafasi iliyotengwa,
na pampu ikasahau kuhesabu.
Nilicheka. Naungama, nilicheka kwa sauti.
Gwilym akaniletea biskuti, tukapeana mikono.

Kamati ikakaa juu, ghorofa nisiyoruhusiwa.
Jibu likashuka na neno moja: Tunza.
Adui naye anazo pampu hizo.

Jumapili nikaendesha gari hadi Hereford.
Baba amelazwa, miguu imevimba,
anauliza kama kuku wake wanataga.
Kando ya kichwa chake, kijisanduku cha rangi ya maziwa.
Nikainama kama ninayenyoosha shuka,
nikasoma kibandiko: toleo la nne, nukta mbili.
Lile lile.

"Unaisoma kama barua," akasema Baba.
Bronagh, muuguzi, akauliza: kuna shida?

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Sawa. Lakini hawakusema kata ifanyeje
siku mnywaji akiwa mzazi wake.

"Hapana," nikasema. "Inafanya kazi vizuri."
Na ni kweli, ilikuwa inafanya: tone, kimya, tone.
Nikayahesabu kwa midomo, moja moja,
mpaka muda wa wageni ukaisha.

Jumatatu nikaiandikia kamati mara ya pili,
kurasa mbili, lugha kavu,
neno "baba" halimo hata mara moja.

Jioni nikafungua kisanduku thelathini na moja.
Ujumbe wa kaka yangu, tangu saa tano asubuhi:
*Mzee anauliza,
jana ulikuwa unahesabu nini?*