Chini ya Daraja

Kokwa ya tende ndiyo iliyonivunja jino,
wakati wa kufuturu, Gateshead, mwezi Juni,
saa nne kasorobo ya usiku usiotaka kuingia.
Nilisikia *ka!* ndani ya fuvu,
nikadhani sahani ya jirani imeanguka.
Kumbe ni mimi.

Gego likang'olewa vipande vipande.
Miezi minne ulimi, usio na adabu,
haukutoka pengoni:
unaingia, unapima, unarudi kunieleza
habari ninazozijua.

Daktari Milburn akasema, "Tutajenga daraja."
Nikacheka na mdomo wenye ganzi, mate yakanitoka.
Mimi, Shekue Hoza, mpaka rangi
wa madaraja ya chuma juu ya mto Tyne,
miaka kumi na tisa nikining'inia kwa kamba na mkanda
nikikwangua kutu na mavi ya shakwa,
leo daraja linakuja kukaa kwangu.

Lakini daraja halielei. Linataka nguzo.
Wakachongwa majirani wawili, huku na huku,
meno mazima, yasiyo na kosa wala deni,
yakapunguzwa mpaka yakawa visiki,
yakavikwa taji kila moja,
na katikati likaning'inizwa jino la kauri
lisilo na mzizi, lisilojua kuuma kwa jino.
Hayo mawili hayakuulizwa.
Ndivyo ujirani.

Nchi hii ina habari nyingi za mataji.
Langu liko nyuma, gizani,
linatawala ufizi na punje ya wali.

"Kauri haiozi," daktari alisema akinishikisha kioo.
"Kinachooza ni jino lako chini yake.
Hapa, ukingoni, taji linapokutana na nyama,
hapa ndipo mlango wa mwizi."
Akanionyesha uzi wenye ncha ngumu,
unaupenyeza chini ya jino la bandia,
unavuta kwenda, unavuta kurudi,
na kibrashi chembamba kama ufagio wa panya.
Usitafune barafu. Tofi mwachie mjukuu.
Chupa, alisema akinitazama sana,
zina vifunguo vyake.

Hakujua anamfundisha nani.
Siku yangu ya kwanza kazini Dougie Fenwick
alinishika bega, akaelekeza brashi juu:
"Kule wanakopita watu, hata mvua inaosha.
Kazi yetu iko huku chini."
Na kweli, sijaona daraja lililofia juu.
Hufa maungoni, nyuma ya ribiti,
mahali maji yanapokaa yakifikiri.

Sasa kila usiku najifungia bafuni.
Napiga mswaki, napitisha uzi,
na kwa kuwa povu limejaa kinywani
natunga kimoyomoyo:

    Kama kutu i chumani,
    utando umo kinywani,
    hula pole kwa pembeni
    pasi kelele kutoa.

Ubeti wa pili umenishinda tangu Novemba.

Mama yangu, Muheza, aling'olewa moja moja
kwa koleo la fundi ambaye pia alinyoa vichwa.
Hakuna aliyemtajia neno daraja.
Akicheka aliziba mdomo kwa upindo wa kanga,
na mimi, mtoto, nikaamini
kwamba ndivyo wanawake wanavyocheka.
Nimelielewa hili nikiwa na miaka hamsini na sita,
mbele ya kioo, uzi ukiwa umenasa.

Jana, juu ya mto, Dougie alirudia kichekesho
alichokwisha kunichekesha nacho mara thelathini.
Nikacheka mdomo wazi, kote, mpaka magego.
Upepo wa Machi ukaingia,
ukapita juu ya kauri bila kusema kitu,
ukafika kwenye nguzo.
Nguzo ikasema.
Nikafunga mdomo, nikashika kikwangulio,
nikarudi chini kwenye kutu.