Shida Mbili

Mwezi wa kumi, Lubumbashi inangoja mvua
kama mtu anayengoja mshahara wa mwezi wa saba.
Nimeileta Karina ya marehemu baba
kwa Kyungu, Katuba,
nyuma ya ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA
na unaonuka kwamba hakuna aliyesoma.

Kila mwaka naongeza gesi.
Dola thelathini na tano, wiki tatu za baridi,
kisha joto linarudi na mizigo yake
kama shemeji aliyefukuzwa.
Na hata wiki hizo tatu, maji yanadondoka
kutoka chini ya dashibodi,
tone, tone,
juu ya viatu vya mama vya kanisani.

Mwaka huu ni kifua chake.
Barabara ya Kipushi, malori ya madini mbele yetu:
ukifungua dirisha unameza nchi,
ukifunga unachemka.
Mama huchagua kuchemka.
Kitambaa mdomoni, hasemi kitu.

"Iko na shida mbili," Kyungu anasema,
"na wewe unahesabu moja.
Maji, njia yao imeziba.
Gesi, njia yake imefunguka.
Gari yako inafunga pa kufungua,
inafungua pa kufunga."
Namwambia aongeze tu gesi, nina haraka.
Anapangusa mikono, taratibu, kidole kwa kidole,
na pale kisipokuwepo kidole, anapangusa pia.

Anainama na tochi.
Bomba zote zimevaa vumbi jepesi, linalopeperuka ukipuliza,
ila pale nyuma ya kompresa, kwenye kiungo kimoja,
vumbi limenata, jeusi, nene.
"Gesi haionekani," anasema,
"lakini inatoka na mafuta yake,
na penye mafuta vumbi linashika."
Vumbi hilohilo linalomkaba mama
leo limekuja kutoa ushahidi.

Anasukuma naitrojeni kutoka chupa ndefu,
anakamulia sifongo ya sabuni ya unga.
Tunangoja.
Povu moja. La pili. Likapasuka.
La tatu, dogo kama mate ya mtoto mchanga
anayelala.

Ni mpira tu, wa duara,
haujai kidole changu cha mwisho,
umekauka, una ufa kama kisigino.
Bei yake: sahani ya bukari, bila samaki.
Nikaanza kuzidisha thelathini na tano kwa miaka,
nikaacha.

Nsenga, binti yake, yuko chini ya gari na waya.
Anachokoa bomba la maji, anatukana kwa sauti ndogo,
mara tope linamshukia shavuni,
majani, na ua moja la jakaranda
bado lina zambarau kidogo.
La uani kwetu. Baba aliegesha pale
kila Jumapili, kivulini.

Kisha mashine ya kuvuta hewa, dakika arobaini na tano,
na baada yake kimya, koki imefungwa,
sisi watatu tunaitazama sindano ya kipimo
kama watu wanaotazama mgonjwa akipumua.
Haisogei.

Mama, juu ya tairi kuukuu, anashusha kitambaa.
"Baba yako alikuwa anaongeza tu," anasema.
"Hata mimi.
Kila tukikosana, kitenge kipya.
Sanduku lilijaa."
Kyungu anajifanya anatafuta spana.

Tunarudi kwa njia ya Kipushi.
Lori mbele, wingu lake jekundu,
na mama mwenyewe anazungusha kioo hadi juu.
Analaza kiganja mbele ya tundu la baridi,
anakigeuza, upande wa pili,
kama anayeota moto.

Mbele ya kanisa nazima injini.
Chini ya gari maji yanatiririka, doa linapanuka mchangani.
Nakumbuka Kyungu alivyotuaga, akiegemea ukuta wake:
"Mukiona maji chini, musiogope.
Ni gari inakojoa vizuri."

Mama anashuka.
Anaruka kidimbwi, viatu vikavu,
anaingia bila kuningoja.